Mafuta ya Aina Mbili Uani kwa Bi Zaina

Wanangu mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kuchimba udongo pembeni ya vituo vya mafuta, kupima kama mafuta yamevuja, neno langu la kwanza kwenu ni hili: msinuse. Udongo ukitoka ardhini uangalieni, upigeni picha, utieni kwenye mfuko, mfunge, mashine ifanye kazi yake. Pua zenu ziwekeeni wali wa nazi.

Sisi tulinusa. Mashine tulikuwa nayo moja, na muda mwingi ilikuwa Dar kwenye matengenezo. Kwa hiyo fundi anavuta kekee juu, lile bomba la chuma lenye meno chini na mpini wa kukingama juu, tunalolizungusha kwa mikono mpaka linazama. Anabandua donge, analipeleka puani, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Dizeli," anasema. "Ya zamani." Halafu anampa mwenzake, na mwenzake ndiye mimi. Hivyo ndivyo tulivyofundishana. Leo nikiwa jikoni, binti yangu Hidaya ndiye anayepiga kelele kutoka sebuleni, mama, vitunguu vinaungua. Daktari hakusema ni mafuta yaliyoniua pua, wala hakusema siyo. Alisema niachane na kazi hiyo nikiwa bado na afya, nami nikaachana nayo kabla umri wa kustaafu haujanifikia. Alhamdulillahi, macho ninayo, mikono ninayo, swala nasimama kwa miguu yangu.

Lakini siwafichi. Natamani. Natamani mpaka najishangaa, maana ni kazi ya matope na jua. Mimi ni mtu wa Kang'ata, Handeni ndani huko, na kwetu mvua ya kwanza ikipiga ule udongo mwekundu, watu wazima wanatoka nje wanasimama tu. Hawafanyi chochote, wanavuta pumzi. Mwaka jana mvua ilinikuta kwa mama yangu. Nikatoka na wengine, nikasimama nao. Mama akaniuliza, "Umesikia?" Nikamwambia, "Nimesikia, mama." Nilikuwa nasikia matone kwenye bati.

Basi. Nimeambiwa niwaandikie mambo ya kazi, siyo mambo ya pua yangu.

Niliingia kwenye kazi hii kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa nawapikia wachimbaji wa udongo pale Korogwe, wali maharage mchana, chai na mihogo asubuhi. Siku moja msaidizi wao akaumwa. Fundi wao, Zakaria, akaniangalia ninavyosugua sufuria, akasema, "Mama Hidaya, unaweza kuosha vyombo vya sampuli bila kuuliza uliza?"

Nikamwambia, "Kuosha naweza. Kutouliza siwezi."

Akacheka, akanirushia glavu.

Zakaria ni Msambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mrefu, na mdomo wake hauna kifuniko. Kila kitu ninachokijua kuhusu udongo, kwanza nilikisikia kwake kama utani. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Yeye ndiye aliyenisukuma niende masomo ya jioni. Nikawa nakaa dawati moja na wasichana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, nimetoka shimoni moja kwa moja, nanuka dizeli. Mwalimu wa kemia alikuwa akiniona tu mlangoni, anakwenda kufungua dirisha. Na mume wangu alikuwa akiwaambia wenzake nje ya msikiti kwamba yeye hakuoa mwanamke, alioa kituo cha mafuta.

Nitawapa machache ya Zakaria kabla sijasahau. Siku ya kuchukua sampuli, usijaze gari mafuta wewe. Mwambie dereva ajaze jana yake. Glavu ulizoshikia shimo hili usiziingize shimo lile. Chupa ijae mpaka shingoni, usiache hewa juu, kwa sababu petroli inapenda kutoka. Ukiipa chumba ndani ya chupa inakaa humo kwenye hewa, na siku maabara wanafungua kifuniko, inakwenda zake. Ukifika kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi, usiamini mteremko unaouona kwa macho. Mafuta yanaingia kwenye nyufa, yanatokea mahali ambapo hujayatarajia kabisa.

Barafu za kuhifadhia chupa tulikuwa tunanunua kwa akina mama wa stendi, zile za ukwaju za kwenye vifuko. Injinia mmoja alikataa, akasema siyo za kitaalamu. Zakaria akamwambia, "Baridi haina cheti, bosi." Zilizobaki alikuwa anazifyonza yeye njia nzima.

Na kosa letu maarufu mlijue. Tulitoka Handeni na sanduku la sampuli nyuma ya pikapu, na pembeni yake mtu kaweka dumu la dizeli la jenereta. Kifuniko chake kililegea. Majibu yaliporudi, Handeni yote ilikuwa na dizeli, hata ule udongo safi tuliouchukua shamba la shule kwa ajili ya kulinganisha. Bosi akapiga simu anafoka, "Hata shamba la shule?" Zakaria akamjibu taratibu, "Labda siku hizi watoto wanakwenda shule na trekta." Tulirudia kazi yote.

Sasa niwasimulie hii moja kwa urefu, maana ndiyo ninayoiota.

Kulikuwa na kituo cha mafuta barabarani, kati ya Korogwe na Segera. Jina naliacha. Chini ya kituo, kwenye mteremko, palikuwa na nyumba ya bibi mmoja, Bi Zaina, na nyuma ya nyumba yake kisima. Bi Zaina alizaliwa kambi ya mkonge, baba yake alikuja kukata mkonge kutoka mbali na hakurudi tena kwao. Akaolewa na Mzigua, Mzee Rajabu, na huyo Rajabu ndiye aliyechimba kile kisima kwa mikono yake, akakijengea kwa mawe. Kabla hajafariki alimwachia mkewe neno moja, kwamba kisima kisiwekwe mlango. Atakayekuja achote. Na watu walichota: mtaa mzima, Wamasai na ng'ombe wao, abiria wa mabasi yaliyoharibika barabarani. Hakuna aliyelipa. Mlio Waislamu mnajua sadaka inayoendelea kumfikia mtu hata akiwa kaburini. Kile kisima kilikuwa hiyo sadaka.

Halafu maji yakaanza kuota ngozi ya rangi rangi juu, na harufu. Watu wakaacha kuja. Serikali ya kijiji ikasema ikithibitika ni mabaya, kisima kifukiwe kabla mtoto wa mtu hajadhurika. Ndipo tukaitwa sisi kupima: Zakaria, mimi, na Injinia Neema, binti wa Dar aliyekuwa amehamia kwetu karibuni.

Tulimkuta Bi Zaina amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya kisima, kama mlinzi.

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba wanangu. Mmekuja kukifukia?"

"Hapana bibi," Injinia akasema. "Tumekuja kupima tu."

"Waliokuja kupima njia ya nguzo za umeme nao walisema wanapima tu. Mchungwa wangu uko wapi?"

Zakaria akaangalia huku na huku. "Bibi, mimi mchungwa sijaula."

Bi Zaina hakucheka. Alinitazama mimi, labda kwa sababu ya mtandio wangu, akasema, "Wewe utanielewa. Kila mtu anayekunywa hapa, Rajabu anaandikiwa. Wakikifukia hiki, wamemfukia mara ya pili."

Nilimwelewa. Nikachukua kekee nikaanza kazi.

Tulipanga mashimo kutoka ukuta wa kituo kushuka mpaka kisimani. Kama ni tangi linavuja, tutayaona mafuta yakitembea njia hiyo. Shimo la kwanza, urefu wa mkono tu, udongo mweusi wa mafuta. La pili hamna kitu. La tatu mafuta. Zakaria akapeleka donge puani, akafumba macho. "Dizeli. Ya zamani." Nikanusa, nikakubali. Kufika mchana tulikuwa na mashimo mengi machafu kuliko safi, na vijiti vyekundu vimesimama uani kote. Injinia akampigia bosi, njia imepatikana. Tulikuwa na furaha, na hatukuona aibu kuwa na furaha juu ya uchafu, maana uchafu ule ndio uliokuwa unamtetea bibi: kosa ni la kituo.

Akashuka meneja wa kituo. Kijana mtaratibu, shati limechomekewa. Aliomba aone. Akachukua donge, akalisugua kwa vidole, akatuonyesha vidole vyeusi tii.

"Dizeli gani nyeusi namna hii?" akasema. "Hii oili chafu." Akamgeukia Bi Zaina. "Bibi, samahani, hapa si mlikuwa mnamwaga oili kwenye nguzo za nyumba, mchwa wasile?"

Bi Zaina hakujua kusema uongo. "Tulimwaga. Rajabu alikuwa anaichukua gereji, masika yakikaribia. Mchwa wa huku baba, wanakula mpaka kitanda umelala."

Mimi na Zakaria tulitazamana. Wanangu, hakuna nyumba ya miti Handeni wala Korogwe ambayo haikupakwa oili chafu. Kwetu Kang'ata nilikuwa naimwaga mimi mwenyewe, kwa kopo. Zakaria alikuwa ametoka kuimwaga kwenye nguzo za jiko lake mwezi uliopita tu. Watoto wa hapa hapa, tumekwenda na pua zetu mpaka uani kwa bibi wa hapa hapa, tukasahau kitu kinachofanywa na mama zetu. Ikikaa ardhini miaka, inanuka kama dizeli iliyokaa ardhini miaka.

"Basi," meneja akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni, "kisima amekiharibu mzee mwenyewe."

Bi Zaina akakaa chini. Siyo kwenye ndoo, chini kabisa.

"Usiseme ni yeye," akasema.

Akanigeukia mimi.

"Mama Hidaya. Ni yeye?"

"Sijui bibi."

"Kama ni yeye niambie. Mtu amechimba kisima aandikiwe thawabu, halafu akakitia sumu kwa mkono wake mwenyewe? Na wote waliokunywa? Kule kaburini malaika wanamwuliza nini sasa?"

Mimi si mwanachuoni. Nilimshika mkono tu.

Tulikula kimya mchana ule. Zakaria kukaa kimya ilikuwa kama redio kuzimika. Mtu unageuka kuangalia kuna nini. Injinia Neema ndiye aliyeanza. Alikuwa anachora kitu kwenye vumbi kwa kijiti.

"Tumechimba kifupi mno," akasema. "Oili chafu ni nzito, inaganda hapo hapo ilipomwagwa. Kisima kina kina kirefu. Lazima tushuke mpaka usawa wa maji, tuone huko chini kuna nini."

"Injinia," Zakaria akasema, "huko chini ni udongo mgumu kama mfupa. Hii kekee yetu siyo ya wachimba dhahabu."

"Nitashika mpini mimi."

"Na hizo kucha?"

"Zitakatika, fundi. Zinaota."

Zilikatika kweli. Mbili za mkono wa kulia zilikatika saa ile ile, alipojaribu mpini, na Zakaria akaziokota akaomba chupa ya sampuli. Ndipo Bi Zaina alipocheka mara ya kwanza.

Alasiri nikaomba maji ya udhu kwa jirani, nikaswali barazani kwa bibi, yeye pembeni yangu kwenye mkeka. Tulipotoa salamu, nikamwuliza, "Bibi, ile nyumba ya zamani, ya miti, ilikuwa imesimama wapi hasa?"

Maana hii anayokaa sasa ni ya tofali. Ya miti ilishavunjwa zamani, pamebaki uwanja mtupu wa kufagia.

Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua fimbo yake, akashuka uani, akaanza kutembea. "Hapa mlango." Akagonga fimbo. Nikachomeka kijiti. "Hapa kona. Hapa chumba chetu kinaanza." Akaenda hatua zake za polepole, anageuka bila kusita, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba aliyoizoea. "Hapa alilala mama mkwe wangu, na alikuwa akikoroma ukuta huu unatikisika. Hapa nilimzaa Saidi. Hapa jiko. Hapa Rajabu alikuwa anakaa akitoka shamba, anaegemea nguzo hii, mpaka nguzo ikapata alama ya mgongo."

Nikachomeka kijiti kwenye ile nguzo. Shimo letu chafu kuliko yote lilikuwa pale pale.

Wanangu, tuliporudi nyuma kuangalia, nyumba ilikuwa imesimama. Ya vijiti, lakini imesimama. Mashimo machafu yote yalikuwa kwenye kuta na kona. Mashimo safi yalikuwa katikati ya vyumba. Uwanja ulikuwa umeiweka ile nyumba chini ya vumbi muda wote huo, nguzo kwa nguzo.

Zakaria alikuja na kekee begani, akafika penye vijiti vya mlango, akasimama. Pale hapakuwa na kitu zaidi ya vijiti viwili na hewa. Akasema, "Hodi."

"Karibu," Bi Zaina akasema. "Lakini vua viatu, nimefagia."

Akavua. Mtu mzima yule, na mabuti yake ya kazi, alivua akayaacha nje ya vijiti.

Kesho yake tukashuka. Tulichagua shimo la nguzo ya Rajabu, na mashimo mengine kuelekea ukuta wa kituo. Ilikuwa kazi ya kulaaniana. Tunazungusha, tunapumzika, tunamwaga maji kidogo, tunazungusha. Injinia alitandika karatasi ya nailoni, na kila donge lililotoka alilipanga kwa zamu yake, la juu juu, la chini chini, mpaka pale chini palikuwa na kama mkia mrefu wa udongo umelala juani.

Oili ya Rajabu iliishia kabla ya urefu wa goti. Chini yake udongo mwekundu, safi. Ukaendelea kuwa mwekundu. Ukaendelea. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba tutafika kwenye maji bila kukuta chochote, na meneja atakuwa amesema kweli. Halafu, karibu na unyevu, kekee ikatoka na udongo wa rangi ya kijivu, umelowa, na hapakuwa na haja ya kuupeleka puani. Ulitufuata wenyewe. Zakaria alirudi nyuma anapepesa macho. Kila tulipochimba kuelekea kituo, tabaka lile la kijivu lilikuwa nene zaidi, na juu yake hakuna doa.

Injinia akawaita wote wawili, bibi na meneja. Akachuchumaa pale kwenye nailoni.

"Bibi, hii ya juu ni ya mzee. Unaona inapoishia? Hapa. Hii yote katikati ni safi, haijaguswa na kitu. Hii ya chini kabisa ndiyo iliyoingia kisimani. Hii haikutoka juu, imekuja kwa pembeni, kutoka huko." Akaonyesha ukuta wa kituo. "Kama ya mzee ingekuwa imeshuka mpaka kwenye maji, hapa katikati pangekuwa pachafu."

Bi Zaina akainama, akagusa ule udongo wa katikati. "Kwa hiyo huu mwekundu..."

"Huo ndio unaomtoa mzee lawamani," nikasema.

Akachota kidogo kwa vidole, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Akalikaza fundo kwa meno.

Meneja aliufuata ule mkia wa udongo kwa macho, toka juu mpaka chini. Mwisho akasema, "Na mimi chai yangu ya asubuhi ilikuwa ya maji ya hapa." Akapanda kwenda kupiga simu. Nilimheshimu kwa hilo. Sampuli zikaenda Dar, majibu yakakubali, na mafundi walipopima mabomba kwa shinikizo, wakalikuta bomba moja kati ya tangi na pampu limeachia kwenye maungio chini ya sakafu. Likang'olewa.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini Injinia alikuwa na neno lingine la kumwambia bibi, na alilisema mwenyewe, hakunituma mimi: mzee hana kosa, lakini maji ya kisima hayanyweki, na hayatanyweka kwa muda mrefu. Mwenye kituo atavuta maji ya bomba mpaka barabarani, kila mtu achote. Kisima basi.

Bi Zaina alilia bila sauti. Alishinda kesi, akapoteza kisima.

Siku kijiji kilipoleta vijana na makoleo ya kufukia, tulikuwepo kukamilisha vipimo. Injinia aliinama ukingoni, akamulika ndani kwa tochi, akakaa hivyo mpaka Zakaria akamshika mkanda wa suruali asije akatumbukia. Alipoinuka alisema, "Msifukie."

Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Dada, si nyinyi mlisema ni sumu?"

"Ndiyo. Angalieni ilivyojaa humu. Maji yote ya mteremko huu yanashuka bondeni, kwenye visima vya mtaa wa chini. Visima vile tumevipima, bado ni vizima. Mafuta yalikuwa njiani kwenda huko, yakakutana na hili shimo, yakaingia humu. Kisima kimeyakamata. Tukifunga pampu hapa tukavuta kila siku, yaliyobaki ardhini yatakuja hapa, hayatakwenda kwao. Mkikifukia, yanaendelea na safari."

Bi Zaina akasogea na fimbo yake.

"Hebu rudia, mwanangu. Wale wa bondeni wakinywa kwao..."

"Wanakunywa salama kwa sababu ya hiki cha mzee."

"Na wao hawajui."

"Wengi hawatajua, bibi."

Aliangalia bondeni kwa muda. Moshi wa majiko ulikuwa unapanda kule. "Rajabu asingetaka wajue," akasema. Halafu akamnyooshea Zakaria fimbo. "Wewe ndiye utakayewasha hiyo pampu?"

"Ni mimi, bibi."

"Kabla hujawasha, sema Bismillahi. Kila siku."

"Bibi, mimi Mlutheri."

"Nimekuuliza dini yako? Nimekuambia sema."

Akasema. Siku ya kwanza alisema kwa sauti ya chini, anaona haya mbele ya mwenyekiti, na bibi akamrudisha aseme tena asikike. Pampu ikafungwa, kisima kikazungushiwa waya, na kila asubuhi Bi Zaina alikuwa akitoa kiti chake kusikiliza mashine inavyounguruma.

Alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu, wakamzika jirani na mzee wake. Mimi nikaacha kazi. Injinia Neema alirudi Dar, anasimamia watu wengi sasa. Wengine ni nyinyi mnaosoma hapa. Aliyebaki pale ni Zakaria. Anakwenda kuangalia pampu, anapima maji ya bondeni, ambayo mpaka leo ni mazima, na kisima chenyewe kinazidi kusafika kila masika.

Nilipomwambia kwamba ninakosa kazi mpaka usingizi unakatika, hakunipa pole. Ananipigia tu baadhi ya asubuhi, akishafika. Hasemi habari za asubuhi wala nini. Nasikia mlango wa waya unasukumwa. Namsikia anakohoa, anaburuta yale mabuti yake. Hapo hayuko na mtu, na aliyemwamuru hayupo tena duniani. Namsikia anatulia kidogo, halafu ile sauti yake nzito ya Bumbuli, siyo ya kunisikilizisha mimi, inasema, "Bismillahi," na pampu inawaka.